Shingo Yangu na Salamu za Lamu

Kabla hamjasikia kwa watu, maana Mtopanga hakuna siri inayolala, nasema mwenyewe: nilijifunga simu kichwani. Kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Niliuweka mkonga sikioni, nikauzungusha mpira kuanzia kidevuni hadi utosini, nikakaza fundo kama mtu anayeumwa na jino. Mikono yangu yote miwili ikawa huru, na nikajiona nimevumbua kitu ambacho Wazungu na vitabu vyao bado hawajakifikia.

Nilikuwa mvumbuzi kwa muda wa dakika nne hivi. Kisha akaja mteja, akataka sukari nusu kilo, nami nikainuka kwenda kwenye mizani. Simu haikuwa imeambiwa kwamba twaondoka. Ilibaki mezani hadi waya ukanyooka wote, halafu ikaruka, ikagonga mtungi wa peremende, na peremende zikatoka mbio hadi barabarani kama watoto wa madrasa Alhamisi jioni. Nami nimesimama katikati, kichwa kimevutwa upande, na sikioni mwangu bwana mmoja wa Voi anauliza, "Haloo? Haloo? Huko kuna vita?"

Hilo nimelitanguliza makusudi, msije mkaniheshimu bure.

Nawaandikia ninyi wa darasa la saba na la nane, na hasa wewe uliyeirithi kazi yangu na unadhani ni kazi ya kuketi tu. Mimi nimestaafu. Najua nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ndevu zangu ni mbili, moja kila shavu. Lakini nimeifanya kazi hii miaka mitatu, kila siku nikitoka shule hadi magharibi, na Jumamosi kutwa. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu kwa shingo yake ana haki ya kukohoa kidogo na kusema "enzi zetu".

Enzi zetu, basi, upande wetu wa Mtopanga simu ya kutegemewa ilikuwa moja, nayo ilikuwa dukani kwa Ami Twahiri. Nyeusi, nzito, mkonga wake ukimwangukia mtu mguuni anakaa kitako wiki nzima. Mtaa mzima ulitoa namba ile kama ni ya nyumbani kwao. Mwenye ndugu Malindi aliitoa, mwenye mchumba Nairobi aliitoa, na yuko mmoja simtaji aliyewapa wachumba watatu. Ami mwenyewe hakuwa mtu wa simu. Sikio lake moja lilikuwa limelala na la pili linasinzia. Kwa hivyo aliniweka mimi: nipokee, na kama anayetakiwa yuko karibu nimwite, kama hayuko niandike ujumbe kwenye daftari.

Sasa tazameni mtego ulivyokaa. Juu ya meza palikuwa na pangaboi, na pangaboi ile ilipenda kusoma. Ukiliweka daftari tu, inafunua kurasa kwa upepo wake. Mkono wa kushoto ukawa wa kulishikilia daftari, mkono wa kulia wa kuandika. Mkonga ushikwe na nani? Bega. Unaliinua bega la kushoto, unakiangusha kichwa juu yake, mkonga unakaa katikati kama nyama kwenye mkate. Nilijiona hodari. Nilikuwa nimewaona makarani wa mjini wakifanya hivyo huku wakichezesha kalamu, nikasema, naam, ndivyo mtu mkubwa anavyopokea simu.

Na lau simu zingekuwa fupi, huenda ningezeeka hivyo hivyo bila kujua. Lakini ninyi ni wa Pwani, mwajua. Mtu wa bara akipiga simu husema, "Mwambie Juma nafika kesho," kisha anakata, hata hujajua ni nani. Wetu hapana. Wetu ataanza na masalkheri. Hujambo? Wazee hawajambo? Watoto je? Yule aliyekuwa na homa? Yule aliyekuwa akimwuguza mwenye homa? Shemeji zenu wa Kisauni? Jirani yenu mwenye mbuzi? Na mbuzi kazaa? Alhamdulillahi. Basi mwambie Juma nafika kesho, na umsalimie fulani, na fulani, na mke wa fulani, yule mdogo.

Na zote uziandike! Msicheze na hilo. Mama wa nyumba ya tatu hakuniuliza kamwe ujumbe ni nini. Aliniuliza, "Na nani wengine wamenisalimia?" Nikimruka mtu mmoja, wiki ya pili aliyerukwa anapiga simu kuulizia, na mimi naitwa mwizi wa salamu.

Ukarasa mmoja wa salamu ni dakika kumi na tano bega liko sikioni. Ukarasa mmoja.

Maumivu hayakuja kwa hodi. Kwanza shingo ilikaza kidogo jioni, nikasema ni mto. Kisha ukaja uzito kati ya bega na shingo, kama kuna paka amelala hapo. Kisha ganzi, ikashuka mkononi hadi kidole cha mwisho na cha pili yake. Asubuhi naamka nakuta mkono kitandani, nauliza wa nani huu. Darasani sikuweza kugeuka kushoto, na mwenzangu wa kushoto, alipogundua, alinakili hesabu zangu zote mtihani mzima. Masikini, akafeli. Na msikitini, salamu ya kulia niliitoa vizuri, ya kushoto ilibidi nigeuze kiwiliwili chote kama mlango. Siku moja nikamgonga aliyekuwa ubavuni mwangu, naye ni ustadhi wangu wa madrasa.

"Athmani," akaninong'oneza tulipomaliza, "geuza uso tu. Usije na nyumba nzima."

Mtu mwenye akili hapo angeuliza, je, ni ile simu? Mimi nilikwenda kwa kinyozi. Pale steji ya Bombolulu alikuwepo kinyozi anayemaliza kila kichwa kwa kukivunja shingo, krrk huku, krrk kule, na watu wazima wakatoka wakitabasamu. Nikaketi. Akanishika kidevu kwa mkono huu, utosi kwa ule, akaniambia, "Legea." Nikalegea. Nikasikia mlio kama mua unapasuliwa, na nikaiona mbalamwezi saa saba mchana. Shingo ambayo ilikuwa inakataa kushoto, sasa ikakataa pande zote mbili. Nilitembea kurudi Mtopanga nikitazama mbele tu, na watu wawili waliniamkia ubavuni nikawapita, nikaitwa mwenye kiburi.

Andikeni hili hata kama hamtaandika jingine: shingo inayouma haivutwi ghafla wala haipindwi na mtu anayekwambia legea.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya lile kosa ambalo nadhani duniani hufanywa na mtu wa Mombasa peke yake, maana kwingine lisingekuwa kosa. Nilifupisha salamu.

Nilijipa hesabu safi: kinachoniumiza ni urefu wa simu, na urefu wa simu ni salamu, basi tuziondoe. Mtu akipiga nikawahi: "Sisi wote hatujambo, nanyi nyote inshallah hamjambo, sema ujumbe." Wallahi ilifanya kazi! Simu za robo saa zikawa za dakika mbili. Siku tano hivi paka wa begani akaanza kuamka aondoke. Nikawaza hata kuwafundisha watu wa posta.

Jumanne ya siku ya sita akapiga Bi Nuru.

Sharti mjue Bi Nuru ni nani. Dada yangu Zuhura alikuwa ameposwa na Saidi, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisauni, kijana wa Lamu, mpole hata mbu anamwomba radhi. Wazee walikuwa wamekwisha kuja, kahawa imenyweka, pande zote zimekubali. Lililobaki lilikuwa neno la Bi Nuru, shangazi aliyemlea Saidi, apige simu kutoka Lamu aseme siku. Kwa upande wao, Bi Nuru asiposema, hapana aliyesema. Baba yetu hufanya kazi ya zamu Changamwe, na hata akiwa nyumbani mambo ya posa yako mikononi mwa mama. Mama na Zuhura walikuwa wakiisubiri simu ile kama mwezi wa Idi.

"Masalkheri, mwanangu."

"Masalkheri."

"Hapo ni dukani kwa Twahiri? Mimi ni Bi Nuru wa Lamu. Hamjambo nyote?"

"Sisi wote hatujambo, nanyi nyote inshallah hamjambo. Sema ujumbe."

Nilisikia kuku akipita huko Lamu.

"Wasemaje?"

"Sema ujumbe, shangazi. Kalamu iko mkononi."

"Na wewe ni nani, baba?"

Na mimi, kwa fahari, "Athmani! Ndugu yake Zuhura, baba mmoja mama mmoja."

"Basi andika, Athmani," akasema polepole, ili nisikose hata herufi. "Andika: Bi Nuru ameuliza hali, hakujibiwa. Na yeye akiulizwa habari ya harusi, hana jibu."

Akakata. Na kwa kuwa nilikuwa mfanyakazi mwaminifu, nililiandika neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri, nikaweka na tarehe, nikalipeleka nyumbani mwenyewe.

Mama aliusoma mara ya kwanza amesimama. Mara ya pili alikuwa amekwisha kuketi. Zuhura alikuwa anakanda unga wa mahamri. Akauchukua ukarasa kwa ncha za vidole, akausoma, akaurudisha, akaendelea kukanda, ila sasa alikuwa ananitazama mimi.

"Ulimwambia nini?" mama akauliza.

"Nilimwambia hatujambo."

"Na yeye ulimwuliza?"

"Nilimwambia hajambo."

"Ulimwambia! Mtu wa makamo yale, wa Lamu, wamwambia wewe hali yake?"

"Mama, shingo ilikuwa yaniuma."

"Mama," akasema Zuhura, ngumi zimo ungani, "hiyo shingo niachie na mimi niishike kidogo."

Jioni ile ile mama akavaa buibui tukaongozana dukani. Akapiga yeye. Akasalimu kwa utaratibu, ukoo kwa ukoo, hata Ami akafunga nusu ya mlango kwa kuona duka limegeuka baraza. Mwisho mama akaomba radhi. Nikaisikia sauti ya Bi Nuru ikitoka kwenye mkonga, tamu kama halua na ngumu kama sahani yake: "Wewe sina neno nawe, mama Athmani. Kinywa kilichozikata salamu ndicho nitakacho kiziunge. Nipe huyo."

Nikapewa. Kichwa hakigeuki kushoto, hakigeuki kulia. Mama amenikunjulia karatasi ya majina mbele yangu. Nikaanza vizuri, nasema kweli. Bibi hajambo? Hajambo. Watoto hawajambo? Hawajambo. "Na mzee Omari," nikauliza, maana ni mumewe Bi Nuru na alikuwa ameugua tumbo, "yeye hajambo sasa?"

"Alhamdulillahi, hajambo, amepona kabisa."

Wakati huo huo pangaboi ikainyanyua karatasi ya majina. Mikono ikairukia, bega likapanda kwa mazoea kuubana mkonga, na kutoka shingoni hadi kidoleni ukanipita moto.

"AAAGH!" nikasema.

Nikamsikia tena kuku wa Lamu. Kuku yule yule.

"Kumbe hukufurahi kwamba amepona," akasema Bi Nuru. Akakata.

Jumatano Saidi alinifuata nje ya lango la shule. Alikuwa amekonda kwa usiku mmoja. "Athmani," akasema, "shangazi amesema atakungoja Ijumaa baada ya alasiri. Mara moja tu. Ikishindikana ataniozesha huko huko, na amekwisha kunitajia jina." Halafu akaongeza, "Tafadhali, shemeji," na alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nilitaka kumshika bega, mkono wa kushoto ukanikataa kupanda. Nikampa wa pili.

Siku mbili. Shingo haigeuki, mkono una ganzi, na harusi ya dada imekaa juu yake.

Fundi Katana nilimpata kwa sababu nilikuwa nampelekea ujumbe. Ni Mgiriama, anafanya kazi ya ngozi kwenye karakana moja pale Bombolulu, viatu na mishipi. Miguu yake ilipooza utotoni, anatembea kwa magongo, na mabega yake ni kama ya mtu anayebeba magunia bandarini. Aliniona nikiingia ubavu ubavu.

"Karibu, kaa," akasema. "Bahari iko upande ule."

Nikamweleza. Akanipa soli ya kiatu. "Hii simu. Pokea."

Nikaibana sikioni kwa bega, nikashika kalamu ya hewani. Katana akacheka hadi nyundo zote za karakana zikanyamaza, na mwenzake wa pembeni akauliza nani amekufa.

"Kijana," akasema akijifuta macho, "mimi natembea kwa mabega. Kazi hiyo mabega yangu nimeyafundisha. Wewe waongea kwa bega, na hukulifundisha lolote. Kichwa ni tikiti maji. Ukilisimamisha wima juu ya kijiti, lakaa. Ukiliinamisha upande, kijiti chalia mchana kutwa. Ndiyo hiyo ganzi yako, mishipa imebanwa."

Yeye alikuwa amefundishwa na muuguzi mmoja wa mazoezi ya viungo, wakati mabega yake mwenyewe yalipokuwa yanakufa kwa magongo, na alinipa mafunzo yale yote huku akishona mshipi, bila hata kunitazama sana. Siku hizi mimi ndiye nayafundisha, na sijawahi kumlipa chochote ila salamu.

Kwanza, alisema, usiguse simu hadi Ijumaa. Nikamwambia Ami. Ami akazipokea mwenyewe siku mbili, akamjibu kila mtu "Ndiyo, ndiyo, karibu," na Ijumaa asubuhi familia nne zilikuja na mikeka zikisema zimekaribishwa chakula.

Pili, mazoezi, asubuhi, mchana na jioni, taratibu, ukifika penye maumivu unaishia hapo, hupiganii. Rudisha kidevu nyuma kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi. Hesabu hadi tano, achia. Inua mabega hadi masikioni, yaangushe. Yazungushe kwenda nyuma. Geuza uso kulia polepole kama unamchungulia mtu usiyetaka ajue, rudi katikati, kisha kushoto. Laza sikio kuelekea bega, bega lenyewe libaki chini. Na mkono wenye ganzi, nyoosha kiganja, fumba, fumbua. Nilifanya mazoezi ya kidevu darasani na mwalimu wa jiografia akadhani ramani yake inanuka.

Tatu, joto. Mama alikaanga chumvi ya mawe kidogo, akaifunga kwenye kitambaa, iwe vuguvugu ya kuvumilika juu ya ngozi, si ya kuchoma. Zuhura akajitolea kunikanda yeye. Hapo nilijua kwamba vuguvugu ya mtu aliyekasirika si sawa na ya mtu mwingine. Lakini siku ya pili mkono wake ulikuwa umelegea, na aliniuliza kwa sauti ndogo, "Yageuka sasa?" Nikageuza kidogo. Akaguna, akaongeza kitambaa.

Nne, mito. Nilikuwa nalalia miwili ya sufi, nimeinuka kama sultani. Nikaacha mmoja, mwembamba.

"Na ikiwa hata hivyo ganzi haiondoki wiki zinapita," alisema Katana, na hapo tu ndipo alipoacha kushona, "au ukaanza kuangusha kikombe bila kutaka, usije kwangu na usiende kwa kinyozi. Hospitali, siku hiyo hiyo. Mimi ni fundi viatu."

Ijumaa mchana alikuja dukani mwenyewe na magongo yake, akaitazama meza yangu kama daktari anavyoutazama ulimi. "Simu iko chini mno, wainama kama mtu anayetafuta sindano." Tukaiweka juu ya debe la biskuti. "Kiwiko chaning'inia." Tukakikunjia gunia tupu chini yake. Kisha akaiona pangaboi inavyochezea daftari. Akageuka, akachukua jiwe la mizani la kilo moja, akaliweka juu ya ukarasa. Ukarasa ukatulia.

Sote tukalitazama lile jiwe. Miaka mitatu lilikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Miaka mitatu nimekuwa nikitoa bega langu kwa ajili ya kazi ya jiwe.

"Sasa mkono wako una kazi gani?" Katana akauliza.

"Kushika simu," nikasema.

"Ndiyo. Mkono washika simu. Bega lashika nini?"

"Shati."

"Na ukichoka, wabadilisha sikio kabla halijauma, si baada ya kuuma. Mimi nitainua gongo kukukumbusha."

Baada ya alasiri tukawa wote pale. Mama kwenye kigoda karibu yangu, na karatasi ya majina mpya, ndefu kuliko ya kwanza. Zuhura nyuma ya pazia la stoo, nauona ukingo wa leso yake. Saidi nje, amejifanya ananunua sabuni, ile ile moja, mara tatu. Nikaketi mgongo wima, kidevu nyuma, kiwiko guniani. Nikapiga.

"Masalkheri, shangazi."

"Masalkheri. Nani huyo?"

"Athmani wa Mtopanga. Shikamoo, shangazi. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo." Alikuwa ananingoja.

Nikashuka ukoo ule ghorofa kwa ghorofa. Mzee Omari, nikamwuliza tumbo lake, nikashukuru kwa sauti kubwa na ya furaha hata mteja akapiga makofi. Watoto wa Bi Nuru, kwa majina. Wakwe zake, upande huu na upande ule. Gongo likainuka, nikahamia sikio la kulia. Majirani. Mwenye nyumba ya kona. Yule binti aliyejifungua, na mtoto, na mtoto anacheka? Anacheka, alhamdulillahi. Gongo, sikio la kushoto. Bi Nuru naye hakuniachia, akaanza kuniuliza wa kwetu, na nikajibu mmoja mmoja, baba na zamu zake, Ami na masikio yake, hata zile familia nne na mikeka yao. Nikaisikia sauti yake ikianza kulainika pembeni, kama mkate ulioingia kwenye chai. Shingo haikusema kitu. Mkono haukusema kitu. Nilikuwa nimesahau hata kwamba ninavyo.

"Na shingo yako, mwanangu?" akauliza ghafla. "Saidi aniambia yakuuma. Haijambo?"

Sikuwa na jina hilo kwenye karatasi. "Haijambo, shangazi," nikasema. "Yakusalimu sana."

Bi Nuru akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha Lamu, na nikauelekeza mkonga kwa mama ili asikie, na mama akaziba mdomo kwa ukaya wake.

"Mwambie mamako," Bi Nuru akasema akipumua, "twaja mwezi ukiandama, na vyombo vyote. Na wewe, siku ya harusi, nitakaa nawe nikusalimu vizuri ana kwa ana."

Nikaurudisha mkonga mahali pake. Nyuma ya pazia vigelegele vikalipuka hata Ami akavisikia. Saidi akaingia na sabuni tatu, akanikumbatia, nikamwambia taratibu, shingo bado changa. Katana akainua magongo yote mawili juu, akakaribia kuanguka, akakamatwa na gunia la mchele. Nikainuka nikanyoosha mikono. Nikageuza uso kulia. Nikaugeuza kushoto, wote, hadi mwisho, ndipo nikamwona mama ameketi vile vile kwenye kigoda, hacheki, kidole chake kimesimama katikati ya karatasi.

Mama akasema: "Nyanyake Saidi, mzaa mama, hukumwuliza. Piga tena."